Ufito Haufuati Duara

Anakuja! Ifrah, eeddo yako Dahabo, dada wa baba yako, anakuja! Anakuja na mikeka yake yote, anakuja na wanawake wa Masalani, na ile mikeka miwili mikubwa aliyoikunja kwa hasira siku ile akasema bora amtandikie ngamia. Amenipigia simu mwenyewe, mchana huu, wewe ukiwa umetoka tu kwenda kuwaaga majirani kwa safari yako ya kesho ya Eldoret. Nimekimbia mpaka barabarani bila viatu nikuite, nikakuta vumbi lako. Dada yako Saadia amenicheka. Mwache acheke, nyumba yake ya harusi imepata nguo.

Haya, sasa nakusalimu kama mtu mwenye adabu: assalamu aleikum, hooyo, hilo neno lako la kuniita mama ninalokurudishia, mwanangu, mchoraji wangu. Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu unayekula naye sahani moja. Mdomo wangu unajua kujisifu, unajua kugombana na wauza mkaa, unajua kukuita kutoka mwisho wa mtaa wetu wa Galbet mpaka mwanzo wake. Lakini kuna maneno ukiyapeleka mdomoni yanarudi tumboni. Kisomali ndicho ninachoota nacho usingizini, ila kalamu yangu ilifundishwa Kiswahili, tena ilifundishwa mpaka darasa la tano tu, kwa hiyo ukikuta kosa liruke kama unavyoruka dimbwi. Nitaiweka barua ndani ya kompyuta yako, kati ya kioo na vile vidude vya kubonyeza. Mfuko wako wa nguo unaweza kukaa siku nyingi bila kufunguliwa, lakini ile mashine utaifungua kabla hujanywa chai.

Sasa sikiliza. Eeddo yako amekubali kwa sharti. Amesema hivi: "Kamba ya kwanza ya kufunga mikeka sitaishika mimi, wala wewe hutaishika. Ataishika Ifrah. Asipokuwepo, mikeka yangu inarudi Masalani kama ilivyokuja." Nami nilikuwa nimeapa mbele ya baba yako kwamba mtoto huyu akishapata kazi simwiti nyumbani hata paa lianguke, mpaka wenye ofisi wamzoee. Baba yako alicheka akasema, "Wewe? Hutamaliza mwezi." Ona sasa, hata basi hujapanda.

Ndiyo maana tangu adhuhuri sikai. Naketi, nasimama. Nimeufagia ua uliokwisha kufagiliwa. Nimefungua zipu ya mfuko wako nikaifunga, nikaifungua tena. Chai imechemka ikamwagika jikoni mara ya pili. Nikuombe urudi au nisikuombe? Nikikuombea ruhusa kabla hata hujaonyeshwa kiti chako, bosi wako atasema ndio hawa, watu wa harusi. Nisipokuomba, Saadia atatoka kwangu na nyumba ya mbavu tupu bila mikeka, na watu watauliza wanawake wa upande wa baba yake wako wapi.

Sitakuambia ule. Sitakuambia ufunge mlango. Sitakuambia Eldoret kuna baridi. Baridi itakuambia yenyewe. Nataka tu nikukumbushe mambo yalivyokwenda, maana wewe ulikuwa umeinamia kioo chako, hukuziona nyuso za watu. Mimi niliziona.

Unajua posa ya Saadia ilipokubaliwa nilisema neno moja: nyumba. Baba yako akasema, "Mwanaume ana nyumba ya mawe, ina choo ndani." Nikamwambia ya mawe ni yake. Mwanamke wa kwetu hatoki kwa mama yake bila aqal, nyumba ya mviringo ya mbavu na mikeka, hata kama atakaa ndani yake siku saba za harusi kisha ibebwe. Na nyumba hiyo husimamishwa na wanawake. Wanaume kazi yao ni kusimama mbali na kusema imepinda. Mimi nimesimamisha za mabinti wa kwetu Bute, za hapa Garissa, na moja kule Masalani mpaka mume wa watu akauliza ni nani huyu mwanamke. Mkono kama huu hauko. Sisemi kwa kujisifu. Basi, nasema kwa kujisifu.

Lakini mti hauko. Mizizi ile mirefu tuliyokuwa tukiichimba, tukiikunja ingali mibichi, siku hizi utaifuata mpaka miguu iishe. Nikasema tufanye mbavu za chuma, kwa fundi Mutua wa kuchomelea, yule Mkamba wa nyuma ya soko. Na hapo ndipo nilipokuhitaji. Mti unaweza kuubembeleza. Ukiona ubavu umekaa vibaya unaung'oa, unausogeza, unarudi nyuma unatazama, unausogeza tena. Chuma kikishachomelewa hakisikii mtu. Mutua akasema, "Mama, leta mchoro. Bila mchoro mimi sikati hata kimoja." Nikamwambia, mchoro? Mchoro nimeuzaa mwenyewe, uko nyumbani.

Nakumbuka ulivyonionyesha. Ulichora mstari uliopinda ukazunguka kama zizi. Ukachora ubavu mmoja, mmoja tu. Kisha ukaiambia mashine ichukue ule ubavu iupande tena na tena kufuata njia ile. Nilipepesa jicho mara moja, na nyumba ikawa imesimama. Wallahi nililia, nikasema ni moshi. Nikatoka nikawaita majirani wote: njooni mwone, binti yangu anajenga nyumba kwa kidole! Wakaja na watoto mgongoni. Yule mama wa duka la nguo akainama, akaitazama mpaka pua ikakaribia kioo, akasema, "Mashallah. Sasa watu wanaingilia wapi?"

Hapakuwa na mlango! Mashine ilikuwa imegawa mbavu duara zima, haki bin haki, ikapanda ubavu hata pale mlangoni. Wewe ukaziba uso kwa shela. Mimi nikawaambia wale wanawake kuwa huo ni mtindo mpya. Uongo huo niliutoa bila hata kumeza mate.

Ukaufuta, ukachora tena. Mara hii mlango ulikuwepo, lakini mbavu zote zilitazama upande mmoja, kama mbuzi waliogeuzia mvua matako. Nikakuuliza hawa wanaogopa nini. Ukasema, "Hooyo, sikuiambia igeuke na njia." Ukabonyeza kitu, na kila ubavu ukageuka mahali pake ukatazama katikati. Hapo nilivuta kigoda nikaketi karibu na mashine.

Sasa tufike kwenye ile asubuhi. Kwa mama yangu, sijui kwa wengine, mbavu kubwa za nyumba ya bibi harusi hupandwa kwa kupima na ufito uliokatwa urefu wa bibi harusi mwenyewe. Nilimlaza Saadia chini uani akichekacheka, nikakata ufito kutoka kisigino mpaka utosi. Ukauchukua, ukaupima kwa futi yako, ukaandika kwenye mashine kuwa kutoka ubavu hadi ubavu ni hivi. Ukampelekea Mutua karatasi. Mutua akakunja duara la chuma la kukaa chini, vipande vipande, na juu yake akachomelea vikombe vya kushikia miguu ya mbavu. Kazi nzuri, safi, nilimsifu.

Eeddo yako akafika na mikeka yake siku ileile duara lilipoletwa. Mimi na yeye tulikuwa tumekwisha kupigilia vigingi ardhini, juu ya duara tulilolichora vumbini, kwa ufito uleule, tukiulaza kutoka kigingi hadi kigingi tukizunguka, kama tulivyofanya maisha yetu yote. Mutua akashusha vyuma kwenye mkokoteni. Akaweka kikombe cha kwanza juu ya kigingi cha kwanza. Sawa. Cha pili kikakosa kidogo, kama upana wa vidole. Cha tatu kikakosa zaidi. Tukazunguka, tukazunguka, na kila tulipofika pengo lilikuwa limekua, mpaka mwisho, kikombe cha kando ya mlango kikasimama huku na kigingi chake kule. Eeddo yako akapiga goti, akalaza mkono wake katikati, kiwiko huku, ncha za vidole kule. Ukaenea.

Akamgeukia Mutua kwa Kiswahili chake: "Wewe fundi! Chuma yako nakula mkono mzima!"

Mutua akasema, "Mama, mimi nimefuata karatasi. Karatasi imetoka kwa huyu hooyo."

"Hooyo gani?"

"Si huyu mnamwita hooyo? Na yeye anaita yule hooyo. Mimi hata sijui nani mama hapa."

Hata wewe ulicheka, nilikuona. Mimi sikucheka, mimi nilikuwa nimeshika kiuno. Nilisema kompyuta haikosei. Nilisema ufito umekauka kwa jua ukafupika. Eeddo yako akaniuliza, "Umekauka lini, kati ya chai na sasa?" Nikasema jua la Garissa hulijui wewe wa mtoni. Ifrah, nilikuwa nasema maneno nikijua kabisa hayana miguu, lakini nilikuwa nimekwisha kukusifu mtaa mzima, na mtu aliyesifu hawezi kurudi nyuma bila kuanguka.

Ulichukua kamba ya kufungia ndama, ukailaza juu ya ule mstari wa duara tuliouchora vumbini, kutoka kigingi hadi kigingi, ikafuata kila mkunjo. Kisha ukalaza ufito kando yake. Kati ya kamba na ufito kukabaki nafasi nyembamba, imekunjika kama mwezi mwandamo. Ukainyoosha kamba juu ya ufito, na kamba ikazidi, kidogo tu. Ukasema, na sauti yako hukuipandisha, "Eeddo hajakosea. Ufito haufuati duara, unakata njia ya mkato. Mashine inatembea juu ya mstari kama kamba. Kila hatua vinaachana kidogo, na mwisho ni mkono mzima. Mimi nilipaswa kuuliza mnaulazaje."

Halafu ukafanya jambo ambalo mimi sikuliona ukubwa wake mpaka leo. Ukachuchumaa mbele ya eeddo yako ukamwambia, "Eeddo, mlango unautaka wapi, na upana gani?"

Akasimama pale akafikiri. Akatazama upepo unakotoka. Akazunguka, akatanua miguu, akasema, "Hapa mguu huu, na hapa huu. Bibi harusi na mama yake wapite bega kwa bega." Ukaweka kompyuta juu ya pipa la maji. Ukaifuta njia ya zamani, ukaianzisha mguu wa kwanza wa mlango ukaimalizia wa pili, ukaiambia mashine igawe sawasawa kilichobaki, hatua iwe itakavyokuwa. Mutua akapiga chaki mahali papya, akawasha grenda, cheche zikaruka mpaka kuku wakapanda ukuta. Vikombe vikakatwa, vikachomelewa upya. Makovu yake yako palepale kwenye duara ukiyatafuta, ila mikeka itayafunika.

Mambo yangeishia hapo. Eeddo yako alikuwa ameridhika, nilimwona akiipapasa mikeka yake anatafuta wa kuanzia. Ni mimi. Nilishika kiuno kwa mkono mmoja, wa pili nikaunyoosha kwa Mutua na vijana wa mkokoteni na majirani waliopanda juu ya mawe kutazama, nikapaza sauti: "Mmeona? Mtoto wa juzi amemfundisha eeddo yake kuhesabu!" Nikacheka. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Hukumwona, ulikuwa umeinama unafunga mashine. Uso wake ulijifunga kama duka saa ya swala. Akakunja mkeka mmoja, akakunja wa pili. Nikamwambia, "Kaa tunywe chai." Akasema, "Nyumba ya kuhesabiwa na mashine, mashine iifunike." Na wewe ukadhani ni chuma kimemuudhi. Siku zote hizi umekuwa ukijilaumu, umemwambia Saadia kuwa laiti usingeingiza kompyuta nyumbani. Nimekusikia kupitia ukuta wa bati, na nilinyamaza. Basi nakuambia leo: haikuwa kompyuta, haikuwa chuma, haikuwa wewe. Ilikuwa kicheko changu.

Subiri, Saadia ananiita.

Nimerudi. Anauliza kama nimeona kitana chake. Mtu anaolewa na hajui kitana chake kilipo. Jua linashuka na wewe bado hujarudi, hao majirani wanakuaga au wanakuoa?

Mchana huu simu ilipolia niliona jina la eeddo yako nikafikiri kuna msiba. Tukasalimiana, ng'ombe, mbuzi, mto umejaa, mto haukujaa. Halafu nikasema, sijui neno lilitoka wapi, "Dahabo, nilikucheka mbele ya watu."

"Ulinicheka."

"Haikufaa."

"Haikufaa," akasema. "Lakini wewe ulizaliwa hivyo, tangu kaka yangu akulete kutoka Bute unapiga kelele kama jenereta." Tukacheka wote wawili. Kisha akaniambia lile neno ambalo limenifanya nishindwe kukaa. Akasema, "Miaka yote hii tumejenga nyumba pamoja, hujawahi kuniuliza kitu. Unaniambia tu: shika huku, vuta kule. Mtoto wako aliniuliza mlango nautaka wapi. Kwa hiyo nitakuja, na kamba ya kwanza ni yake."

Nikamshukuru, Ifrah. Mimi!

Nimefikiria sana mama yangu tangu simu ile ikatike. Siku ya kufunika nyumba yangu kule Bute, aliamka alfajiri akiwa na kibuyu cha maziwa mkononi, akaenda boma kwa boma anaomba kamba. Mwanamke huyu anampa kipande, yule anampa kipande, mpaka kwa wale jirani zetu wanaosema Kiborana alifika, akaomba kwa lugha yao. Nilimfuata nyuma nikiona haya, mimi bibi harusi mwenye hina mbichi. Nilimwambia, "Hooyo, nyumbani tuna kamba mpaka zinaoza. Mbona unatembea kama maskini?" Akaniambia, "Kamba ninazo. Watu sina." Na ilipofika saa ya kufunika, kila aliyetoa kipande alikuja kutazama kipande chake kinafungwa wapi, na hakuna aliyekuja akasimama bure. Nyumba ilifunikwa kabla chai haijapoa. Ngamia wawili hawakutosha kuibeba.

Kumbe nililishika duara la nyumba nikaliacha lile la mama, la kuzunguka na kibuyu. Nikawa mwanamke wa kuamuru. Na kuamuru kunafanya kazi, usifikiri hakufanyi, nyumba zangu zote zimesimama. Ila ukiamuru watu wanakuja na mikono yao tu. Sijui kama nimeliandika vizuri. Wewe unaelewa.

Uliniambia kazi yako ya kwanza huko itakuwa kuchora taa za barabara inayopinda, nguzo moja baada ya nyingine kufuata kona. Nimeshaitangaza. Mtaa mzima unajua kuwa Eldoret ilikuwa gizani ikikungoja wewe. Usinikemee, mama asiyemsifu mwanawe nani atamsifu. Lakini bosi akikuambia nguzo hadi nguzo ni kiasi fulani, kabla hujabonyeza muulize: kiasi cha kamba au cha ufito? Akikushangaa, mchoree ule mwezi mwandamo. Na atakayechimba mashimo, muulize atapimaje. Na kama kuna nyumba ina lango kwenye kona ile, muulize mwenye lango, usije ukampandia nguzo mlangoni kama ulivyotaka kumfanyia dada yako. Nimecheka peke yangu hapa, Saadia anadhani nimeharibikiwa.

Na utakosea tena. Siku hiyo usifanye kama mimi, usiseme ufito umekauka.

Baba yako ameingia sasa hivi. Ameniona na kalamu akauliza, "Unamwandikia nani, rais?" Nikamwambia namwandikia Ifrah. Akasema, "Si analala hapa leo?" Kisha akanitazama, akaelewa, maana anakijua kile kiapo. Akavuta kiti akaketi, akasema polepole, "Mwombe mtoto. Kiapo chako nitakifungia mimi saumu za kafara pamoja nawe." Ameshika bakuli la maji sasa anakwenda kutawadha. Mwanaume huyu akinyamaza unamsahau, akisema unakumbuka kwa nini uliacha Bute.

Basi ngoja nijaribu.

Ifrah, hooyo, naomba urudi uje utushikie kamba ya kwanza. Sikuamuru. Mwambie bosi wako ukweli wote, mwambie ni nyumba ya harusi ya dada yako na mchoro wake ni wako, na mwombe mapema, usingoje siku ya mwisho. Kama akikataa, akatae. Hutakuwa umekosa kwangu, wala kwa Saadia, nimemuuliza, naye ameniambia nikuandikie hivyo hivyo. Nitampigia eeddo yako mimi mwenyewe nimwambie, na akiirudisha mikeka Masalani nitamsaidia kuifunga, na safari hii mdomo wangu utakuwa umefungwa kwanza. Lakini naomba. Sijapata kuliandika neno hili kwa mtu niliyemzaa, na naona linaandikika kama mengine.

Nasikia sauti yako nje unaongea na mama wa duka la nguo, kwa hiyo nakunja karatasi. Eeddo yako anakuja na wanawake wake kutoka Masalani. Dada zangu wanashuka kutoka Bute na kamba za nywele za ngamia, maana nimewapigia alasiri hii nikawaomba, wakafikiri ninaumwa. Mutua anakuja na mkewe, amesema anataka kuona watu wanavalishaje chuma nguo. Majirani wote waliocheka kuwa nyumba haina mlango wanakuja kuutazama mlango. Tunakutana Alhamisi ya kwanza baada ya Idi, asubuhi na mapema, kabla jua halijakifanya chuma kisishikike.